Maji Juu ya Kitanda cha Mama

Mama walimkuta chini, mgongo kauegemeza kwenye mlango wa gari lake, mkono wa kulia umekufa ganzi na nusu ya dari imelala kitandani. Saa nane mchana hiyo, jua la kuchoma utosi. Nje vumbi tupu, mvua hata ya kudanganyia hakuna. Ndani ya gari sasa, maji yanatembea kama yako kwao.

Na gari lenyewe ni lile refu la kusafiria, kitanda humo, jiko humo, choo humo, na juu ya paa kiyoyozi kimekaa kama kofia, kutwa kinanguruma kwa umeme wa nyumbani. Maji yalianzia hapo kwenye kiyoyozi, yakalowesha dari mpaka ikaanguka, yakafika kwenye swichi. Mama kwenda kuzima, umeme ukamrusha. Mungu mkubwa, hakufa.

Mama huyu alikuwa mjane, na Jumamosi ndiyo alikuwa aondoke. Safari waliipanga na marehemu mumewe miaka nenda rudi, sasa aende peke yake, mbali, arudi akichoka. Hii ilikuwa Alhamisi.

Polisi wakamtuma sajenti mmoja mwanamke, mfupi, mkavu wa maneno. Wenzake walimwita Kupe, maana aking'ang'ania jambo haachii. Kupe kufika uani, anamkuta fundi wa viyoyozi kafungwa kwenye nguzo ya geti kwa kamba ya kuanikia nguo, shavu limevimba. Pembeni kasimama kijana mkubwa wa yule mama, mwenye duka la vioo na madirisha, anahema kama katoka kubeba magunia.

"Mfungue," Kupe akasema.

"Nimfungue? Huyu kataka kuniulia mama! Kalegeza paa makusudi aitwe tena!"

"Mfungue, au nakufunga wewe kwa kamba hiyohiyo."

Akamfungua, kwa kumvuta. Fundi akasugua mikono, akatema mate chini.

"Afande, mimi Jumatatu nilibadilisha ule mpira unaokaa kati ya kiyoyozi na paa. Nikakaza boliti zangu. Halafu kama kawaida yangu nikapanda na ndoo, nikakimwagia maji. Yote yakatokea pembeni, yakaanguka nje. Muulize mama, yalimwagikia kichwani kwake."

Mama alikuwa kwenye kiti kivulini, mkono kaufunga kwa khanga. "Ni kweli. Nilimtukana matusi ambayo hata marehemu sikuwahi kumtukana."

"Basi mpira mzima," Kupe akasema. "Na mvua haijanyesha."

"Kwa hiyo maji yametoka wapi, afande?" kijana akauliza kwa kebehi. "Malaika wanafua?"

"Kiyoyozi kikifanya kazi kinatoka jasho. Hata cha bosi wangu kinadondosha nje ya ukuta siku nzima. Fundi, jasho la hiki linatokea wapi?"

"Juu hukohuko kwenye paa. Kuna vitundu chini ya sinia lake. Vikiziba, maji yanajaa, yanarudi ndani."

Kupe akaegesha ngazi, akapanda na sare yake na viatu vyake. Akakaa huko kidogo, halafu akashuka na kitu cheupe kwenye ukucha, kinanyumbuka kama ubani uliotafunwa.

"Silikoni, gundi ya kuzibia vioo. Vitundu vyote vimezibwa, tena vimepanguswa kidole vizuri. Hapa nani anauza silikoni?"

Macho yote yakamwendea mwenye duka la vioo.

"Na nimesikia ulitangaza mtaa mzima kwamba gari hili utalichoma," Kupe akaongeza.

"Nilitangaza! Na bado natangaza! Linaniziba mlango wa ghala mwaka wa pili huu! Lakini mimi nikiamua kuchoma nachoma, afande. Nipande juu nikazibe vitundu kwa kidole, mimi mtoto wa chekechea?"

Dada yake akatoka nyumba ya mbele, mtoto kiunoni na wawili wamemshika gauni. "Nyie mnapigizana kelele na mama anaumwa! Afande, hayo maswali yako hayatibu mkono. Safari ndiyo imeshakufa. Gari liuzwe, mama ahamie kwangu, yaishe."

"Nani kakwambia imekufa?" mama akamkatiza.

Kupe akaingia ndani ya gari. Godoro chepechepe, mito chepechepe, begi la safari ukilikamua linajaza beseni. Chini kabisa ya kiyoyozi palikuwa na meza ndogo, nayo inaogelea, ila juu yake hamna kitu. Akafungua kabati la juu ya kiti cha dereva. Humo kulikuwa na cherehani, imeviringishwa nailoni tabaka kwa tabaka, kavu kama biskuti.

Akamwita mama dirishani. "Hii hukaa wapi?"

"Hapo mezani, tangu marehemu anashona. Mimi hata kuinyanyua siwezi. Juzi nilikuta wameipandisha huko, nikasema labda wamenisaidia kufunga mizigo."

"Wamekusaidia kina nani?"

"Sikuuliza."

Kupe akatoka nje, akachomoa pingu, akamshika mwenye duka mkono. "Twende. Silikoni yako, ghala lako, mdomo wako. Na cherehani ya baba yenu naichukua kama ushahidi, ingawa imelowa yote, imeshaanza kutu, sijui kama itashona tena."

"Haijalowa!" dada akapiga kelele. "Niliifunga nailoni mwenyewe, mara..."

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Kachelewa.

"Uliifunga kabla maji hayajamwagika," Kupe akasema. "Ulijuaje yatamwagika?"

Kaka mtu akamrukia. "We mwehu! Silikoni ya dukani kwangu!" Kupe akamsukuma kando kwa kiwiko.

Dada akalia, lakini kwa hasira. "Ndiyo, mimi! Baba alinitunuku ile cherehani, ningeiacha iharibike? Nilitaka kitanda kilowe tu, mama aghairi! Mimi naingia kazini alfajiri, hawa watatu nimwachie nani? Umeme sikuufikiria, wallahi sikuufikiria!"

"Mama," Kupe akasema, "kesi ni yako. Nimchukue?"

Mama akamtazama binti yake, akawatazama wale watoto watatu, akacheka kicheko kibaya.

"Ukimchukua, hawa watalala kwa nani? Kwangu! Atakuwa kashinda akiwa ndani. Mwache. Na wewe usidhani nimekusamehe, sijakusamehe. Fundi, Jumamosi litakuwa tayari?"

"Dari, nyaya, kukausha... Jumatano, mama."

"Jumatano basi."

Kupe akazifunga pingu kwenye mikono ya kijana.

"Mimi tena? Si mmeshampata mwenyewe?"

"Ya silikoni tumemaliza. Hii ni ya kumfunga mtu kwenye nguzo na kumvimbisha shavu. Fundi, unashtaki?"

"Nashtaki mpaka kesho kutwa," fundi akasema, huku anachukua spana zake apande juu.

Jumatano asubuhi gari likatoka, mama kwenye usukani kwa mkono mmoja na nusu. Dada alisimama getini, watoto wakapunga mikono. Mama akapiga honi kwa ajili ya watoto. Kwa binti yake hakugeuka.