Sahihi ya Fundi wa Boila

Walikutana getini kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, saa ya kubadilishana zamu, watu wakisukumana. Fundi mpya wa boila aliteleza akamshika bega mpigapasi mmoja. Vidole vyake vya grisi vikabaki kwenye gauni lake jeupe.

"Samahani, dada. Nitakununulia sabuni."

"Sabuni? Mimi nashinda kwenye sabuni, fundi. Ninunulie soda."

Soda ikazaa simu, simu zikazaa kanisa. Wakawa wanakaa benchi moja kila Jumapili, mpigapasi akimwita fundi "wangu wa mvuke".

Kisha valvu ya boila, ile ya kutoa mvuke ukizidi, ikakwama. Meneja akamletea fundi karatasi asaini kwamba mtambo ni mzima.

"Bosi, siwezi kusema uongo."

"Basi Yesu wako akuajiri."

Akafukuzwa siku hiyo hiyo, na mwingine akasaini. Kwa aibu ya kukosa kazi, fundi akazima simu. Mpigapasi akapiga mpaka akachoka, msimamizi akamwambia, "Mwenzio kapata kwingine." Akameza machozi, akaendelea kupiga pasi, hatua tano kutoka kwenye boila.

Wiki ya tatu mvuke ulipasua bomba. Mkono wa kulia wa mpigapasi ukaungua hadi begani. Meneja alikuwa ofisini, penye feni. Wakubwa hawaungui.

Fundi alifika wodini mbio.

"Ulijua?" mpigapasi akamuuliza.

"Nilijua. Ndiyo maana sikusaini."

"Na mimi hukuniambia."

"Sikuwa na kazi. Ningekuja kwako na uso gani?"

"Kwa hiyo ulinawa mikono, ukaenda zako kusali. Yako safi, mpenzi. Tazama wangu."

Fundi aliinuka. Aliondoka kichwa chini.

Asubuhi alikwenda kwa mkaguzi wa viwanda, akaeleza yote na kutaja jina lake mwenyewe. Mkaguzi aliandika, akafunga faili, na faili limelala mpaka leo. Fundi akaenda kusimama getini, akimwambia kila mpigapasi aliyefika: boila ile mbovu, mimi ndiye niliyejua nikanyamaza, nisameheni. Walinzi wakampiga. Hakuondoka.

Jioni alirudi wodini, mdomo umevimba.

"Nani kakufanya hivyo?"

"Walinzi. Ila wenzako kumi na mmoja wamegoma kuingia mpaka mtambo uzimwe."

 Mpigapasi akasogeza miguu, fundi akapata pa kukaa.

"Sasa hakuna kiwanda kitakachoniajiri," fundi akasema. "Nikikuoa, nakuoa mikono mitupu."

"Na mimi nina mmoja. Mchungaji atacheka."

"Acheke. Unakubali?"

"Ungeniambia mapema, nisingekuwa hapa. Hilo sitalisahau."

"Usilisahau."

"Basi nakubali. Ninyweshe chai, inapoa."

Fundi aliinua kikombe. Chai kidogo ilimwagikia shuka, lakini mpigapasi alikunywa mpaka tone la mwisho.