Ng'ombe Mwenye Kiu

Jioni ile niliingia stoo kutafuta mtungi mkuukuu, basi. Ulikuwa usiku wa kuamkia Jumatano ya mwisho ya mwaka. Kwetu, milimani Gilan, kila nyumba hutia chumvi na makaa mtungini, ikauzungusha juu ya vichwa vya watu wake, kisha ikautupa kutoka juu ya paa ili nuksi iende nao.

Mtungi sikuuona. Nilimwona ng'ombe.

Ni chombo cha udongo mwekundu chenye nundu, na mdomo wake ndio wa kumiminia. Baba mkwe alimfukua kwenye makaburi ya kale. Akashikwa na kiu, akanywa maji hadi akafa. Mume wangu akafuata. Na sasa binti yangu Mahbanu, miaka sita tu, alikuwa na siku ya tatu haachi kikombe.

Nilimgusa ng'ombe. Mkavu. Lakini ndani yake... tone. Tone. Harufu ya kaburi lililonyeshewa ikanijia.

"Mahbanu," mdomo ule ukanong'ona kwa sauti ya mume wangu. "Njoo unywe, kipenzi cha baba."

Niliogopa, sitasema uongo. Kisha hasira ikaishinda hofu.

"Wawili wanakutosha," nikamwambia. "Huyu humpati."

Nikamjaza chumvi, nikapanda naye juu ya paa, ambako Mahbanu na bibi yake walikuwa wakingoja mtungi. Mama mkwe alipomwona akashika kifua.

"Mwanangu, mwache. Ukimchokoza atatumaliza."

"Mama, si ameshaanza?"

Nikamzungusha mara tatu juu ya kichwa cha binti yangu, nikamtupa. Desturi inasema ukishatupa usitazame. Mimi nilitazama.

Hakuvunjika.

Alisimama juu ya mawe kwa miguu yake minne, chumvi ikimtoka mdomoni, akinikodolea macho. Nami nikamkodolea. Nyuma yangu Mahbanu akaweka kikombe chini, akasema hataki tena.

Siku hizi ng'ombe yuko makumbusho mjini, ndani ya kabati la kioo. Wanalalamika kwamba rafu yake hailali kavu. Kila mwaka, siku ile, humpeleka Mahbanu, ambaye sasa amenipita kimo, nikamsimamisha mbele ya kabati, ng'ombe amwone vizuri.

Mwaka huu, tukitoka, tulimkuta mlinzi mlangoni na chupa tupu tano miguuni.

"Dada," akaninong'oneza, "huna maji kidogo?"

Nikampa Mahbanu mkoba wangu aushike. Nikatoa kifuko cha chumvi, nikarudi ndani.