Stendi ya Baiskeli ya Mama

Kila Ijumaa alasiri, vyombo vya mlo wa kuskusi vikishaoshwa, Ijja alifunga kitambaa kichwani, akatoa spana zake na kuanza kazi uani. Alizipindua baiskeli mbili za nyumbani, magurudumu juu na viti chini, kisha akapiga magoti kwenye vigae. Alisafisha minyororo, akatia mafuta, akakaza kila kilicholegea. Katika mji wao wa Tarudant hakuna nyumba isiyo na baiskeli, lakini nyumba ambayo mama ndiye fundi ilikuwa hiyo peke yake mtaani.

Binti yake Tuda, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa msaidizi wake. Mdogo wake Idder, wa miaka minne, kazi yake ilikuwa kuzungusha pedali na kuchekelea. Baba yao alifanya kazi katika mji wa Agadir na kurudi mwisho wa mwezi.

Ijumaa moja, Ijja alipojaribu kusimama baada ya kuziba pancha, alishindwa. Alibaki ameinama, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika ukuta.

"Mama, vipi?" Tuda alishtuka.

"Mgongo huu. Wiki nzima nimeinamia machungwa kiwandani, nikija hapa nainamia tena baiskeli." Alijinyoosha polepole. "Basi, imetosha. Tutanunua stendi ya kutengenezea. Inainua baiskeli juu, unafanya kazi umesimama wima kama binadamu."

Tuda alirukaruka kwa furaha. "Niende mimi kuichagua, Mama? Tafadhali!"

Ijja alimtazama, akatabasamu. "Haya. Kesho mimi niko kwenye akika ya mtoto wa jirani, nitakuwa jikoni tangu asubuhi. Nenda dukani kwa Ba Brik, yule fundi baiskeli, karibu na soko la mafundi. Lakini sikiliza: chukua baiskeli yangu, siyo yako. Ipandishe kwenye stendi kabla hujalipa. Ikiiweza yangu, na yako itaiweza."

"Sawa, Mama."

Siku ya pili Tuda alisimama uani akaitazama baiskeli ya mama yake. Ilikuwa nyeusi, kubwa, ya chuma kitupu, na kapu mbele. Nyuma kulikuwa na kiti cha Idder kilichofungwa kwa skrubu nne. Ilipotembea ililia kwii, kwii, kwii. Juma lililopita wavulana wa darasa lake waliiona wakapiga kelele, "Jamani, pisheni, trekta hilo!" Tuda aliikumbuka ile aibu. Akachukua baiskeli yake ndogo nyekundu, akaondoka nayo.

Ba Brik alikuwa mzee mnene mwenye grisi hadi kwenye nyusi. Alimwonyesha stendi mbili. Ya kwanza ilichomelewa pale pale mtaani: miguu mitatu iliyotanuka kama ya buibui, rangi ya kutu, na kibano kipana cha chuma cha kushikia baiskeli, chenye mpira ndani. Ya pili ilikuwa ya buluu inayong'aa, ndefu, nyembamba, yenye miguu miwili na kibano cha plastiki, kama zile Tuda alizoziona kwenye video za mashindano. Bei zao zilikuwa karibu sawa.

"Hii ya buluu!" Tuda alisema papo hapo.

"Taratibu, binti. Itabeba baiskeli gani?"

"Hii yangu."

Ba Brik aliipandisha ile nyekundu. Stendi iliibeba bila shida. "Na ya mama yako? Bi Ijja namjua mimi. Ile yake si baiskeli, ni ng'ombe."

Tuda alihisi masikio yakipata moto. "Hii tu, Ba Brik. Ya Mama haipandi."

"Haya. Wewe ndiye unayeijua nyumba yenu."

Jioni Ijja alirudi akinuka vitunguu na moshi. Aliizunguka ile stendi ya buluu mara mbili. "Nzuri. Nyepesi kidogo, eti? Uliijaribu na yangu?"

"Ndiyo, Mama," Tuda alijibu huku akimfunga Idder viatu ambavyo vilikuwa vimeshafungwa.

Jumapili asubuhi Ijja alikwenda sokoni kwa miguu pamoja na Idder. Tuda alibaki peke yake, na ule uongo ulikuwa ukimwasha kama sufu shingoni. Aliwaza, nikiijaribu sasa na ikakubali, basi nitakuwa sikudanganya sana. Akaiburuta baiskeli nyeusi hadi kwenye stendi. Akaiinua kwa nguvu zake zote, akakaza kibano.

Ilisimama. Tuda alipumua. Kisha kiti cha Idder kikavuta upande wa nyuma, kibano cha plastiki kikateleza, stendi ikayumba kushoto. Kabla hajanyoosha mkono, vyote viwili vilikuwa chini kwa kishindo.

Usukani ulikuwa umegonga vigae. Mkono wa breki ya mbele ulikuwa umepinda, na waya wake umetoka mahali pake. Tuda alipiga magoti haraka. Aliupinda mkono ule kuurudisha, akausukuma waya ndani kwa kidole, akaifuta baiskeli vumbi, akaikunja stendi na kuiweka chini ya ngazi. Alipoibonyeza, breki ilishika, lakini kwa ulegevu. Akajiambia imepona.

Mama aliporudi na vikapu viwili alikuwa amechoka. "Stendi tutaizindua wiki ijayo, mwanangu," alisema. Tuda akaitikia kwa kichwa tu.

Jumatatu Tuda alitangulia kuondoka kwenda shule, kama kawaida, akipanda sambamba na rafiki yake Mahjuba. Mama yake hutoka dakika chache baadaye, humpeleka Idder chekechea, kisha huenda kiwandani.

"Mbona leo kimya? Umemeza ufunguo?" Mahjuba alimtania.

Kabla Tuda hajajibu, mkokoteni wa farasi ulichomoza kutoka kichochoroni. Mahjuba alikamata breki kwa mikono yote miwili. Gurudumu lake lilisimama kiganja kimoja tu kutoka kwenye miguu ya farasi.

"We! Huoni?" mwenye mkokoteni alifoka.

Mahjuba alishusha pumzi, akacheka kwa hofu. "Mungu wangu! Bila breki sasa hivi ningekuwa chini ya kwato."

Tuda hakucheka. Mbele ya macho yake aliiona baiskeli nyeusi, na Idder nyuma akipunga mkono kwa kila mtu.

"Mwambie mwalimu nitachelewa!" alisema, akageuza baiskeli.

Alikanyaga pedali mpaka mapaja yakamuuma. Mlango wa nyumbani ulikuwa umefungwa. "Mama yako katoka sasa hivi na mtoto!" jirani alimwambia kutoka dirishani. Tuda akageuka tena, akafuata njia ya kando ya ukuta wa mji kuelekea langoni, pale malori ya machungwa yanapoingia bila kupunguza mwendo.

Langoni lori lilikuwa limesimama. Watu walikuwa wamekusanyika mbele yake, na kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akipiga kelele. Tuda aliruka chini. Aliiacha baiskeli ikaanguka, akajipenyeza kati ya watu, akisema, "Mama yangu, nipisheni, ni mama yangu!"

Barabarani palikuwa na machungwa matupu. Kreti zilikuwa zimeporomoka kutoka garini, na mwanamke yule alikuwa akiwafukuza watoto waliokuwa wakiyajaza mifukoni.

"Tuda?"

Aligeuka. Ng'ambo ya barabara, kivulini mwa ukuta, mama yake alikuwa akitembea kwa miguu, akiisukuma baiskeli. Idder alikuwa kitini mwake, mashavu yamejaa mkate wenye asali.

Tuda alimkimbilia, akamkumbatia kiunoni, akalia kwa sauti mbele za watu.

"Breki, Mama! Breki ya mbele! Ni mimi. Baiskeli ilianguka kutoka kwenye stendi, sikukwambia. Na sikuijaribu yako dukani, nilikudanganya. Niliona aibu kupita nayo!"

Ijja alimtazama. Uso wake ulikuwa mkali, lakini mkono wake ulishapita mgongoni mwa binti yake.

"Kila siku kabla sijampandisha Idder, nabonyeza breki," alisema. "Leo ya mbele ilizama hadi kwenye usukani. Ndiyo maana natembea. Nilidhani imechakaa yenyewe." Akamfuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake. "Nimekasirika, Tuda. Nimekasirika sana. Lakini umerudi mbio mwenyewe. Hilo nimeliona. Sasa nenda shule. Jioni tutakwenda kwa Ba Brik, na wewe ndiye utakayeisukuma hii."

Jioni ile Tuda aliisukuma baiskeli nyeusi katikati ya soko, stendi ya buluu imefungwa nyuma, mama yake na Idder wakimfuata, kwii, kwii, kwii. Wavulana wawili wa darasani kwake walikuwapo. "Trekta limetoka shamba!" mmoja alisema. Tuda akamjibu, "Ndiyo, na linatulisha nyumbani kwetu," akaendelea na safari yake. Alishangaa kuona haikuuma.

"Ba Brik," alisema walipofika, "nilikwambia uongo. Na stendi yako imeanguka, imekwaruzika hapa mguuni."

Mzee aliupapasa mkwaruzo, akaguna. "Ungenyamaza, ningeuona kesho nikakutukana. Haya, hii naichukua, nitaitumia mwenyewe kwa baiskeli za watoto, nanyi mchukue ile ya miguu mitatu. Lete huyo ng'ombe."

Safari hii hawakuharakisha. Tuda alikaza kibano cha chuma kwenye nguzo ya kiti, mahali penye unene, kama Ba Brik alivyomwelekeza. Miguu mitatu ikatanuka sakafuni. Kisha mzee akamwambia aisukume pedali kwa spana kana kwamba anaifungua. Tuda akasukuma kwa uzito wote. Stendi haikutikisika. Akamwita mama yake karibu, kuona kama kimo kinamfaa.

"Mgongo?" Tuda aliuliza.

"Umenyooka," Ijja alijibu, akaangua kicheko chake cha kwanza siku ile.

Kabla jua halijazama, baiskeli nyeusi ilikuwa juu ya stendi uani. Ijja alikuwa amesimama wima, akiingiza waya mpya wa breki, na Idder akizungusha pedali.

"Mama, umenisamehe?"

"Nimekusamehe tangu langoni." Ijja alikata ncha ya waya. "Lakini lishike hili. Kuchagua vibaya si kosa kubwa, hata mimi nimenunua vitu vya ovyo maishani. Breki iliyopinda naitengeneza kwa dakika kumi. Nisiloambiwa siwezi kulitengeneza. Siku nyingine ukiharibu kitu, njoo uniambie kabla mikono yako haijakauka jasho. Nitafoka kidogo, kisha tutatafuta spana."

Akamkabidhi spana. "Kaza wewe."

Tuda akakaza nati hadi ikagoma. Ijja akalizungusha gurudumu la mbele kwa nguvu, akabonyeza breki kwa vidole viwili. Gurudumu likasimama pale pale.