Ukuta Uliozibwa Pumzi

Pazia la kijumba cha tatu lilikuwa linavutwa kuelekea ukutani, na madirisha yote yamefungwa. Mtandika vitanda alilisukuma mahali pake kama anavyofukuza kuku jikoni, akaendelea na shuka zake. Pazia likarudi, likagandama.

"Baba watoto," akamwita mumewe, "ukuta wako unanyonya pazia."

"Unyevu tu huo," fundi akajibu kutoka uani. Mwanamume akishaitwa fundi mara tatu, masikio hufunga duka.

Vijumba vile vitano vya kale, nyuma ya bandari, yeye ndiye aliyevikarabati ili vilaze wageni. Vinne alivipiga chokaa, kama alivyofundishwa ujanani: ukuta wa zamani hupumua, usiuzibe. Cha tatu kikagoma kukauka. Tajiri mwenye vijumba alipozidi kupiga simu akihimiza, fundi akakipiga saruji, akapaka chokaa nyepesi juu, kama mwongo anayejipaka poda. Mkewe aliona, akanyamaza, maana tajiri alikuwa amewaruhusu wamlaze humo binti yao na kichanga chake mpaka wageni wa kwanza wafike.

Adhuhuri ile binti alikuwa amejilaza, mtoto ubavuni. Chumba kilinuka chumvi na kinywa cha mtu ambaye hajasema siku nyingi. Bibi akainama kumfunika mjukuu, akasikia pumzi mbili: ya mtoto, fupifupi, na nyingine ndefu iliyotoka nyuma ya kitanda, ndani ya ukuta wenyewe, inavuta na haitoi, inavuta na haitoi, na kila ilipovuta kifua cha mtoto kilibonyea kama unga uliotiwa kidole, na midomo yake midogo ikazidi kuwa ya kijivu.

"Mama," binti akanong'ona, "nani amelala nyuma yangu?"

"Usigeuke. Nipe mtoto."

Wakamleta mtabibu wa majini, mwanamke mnene aliyeingia akilaani ngazi. Akaweka sikio ukutani.

"Huyu alikuwa humu kabla ya nyumba, wala hakumgusa mtu. Umempiga nini usoni?"

"Saruji," fundi akasema, kichwa chini.

"Hodari wewe! Umemziba pua, sasa anapumulia ya mtoto. Bomoa."

Fundi akabomoa kwa nyundo na tindo mpaka viganja vikachanika. Saruji ilipodondoka, ukuta ulishusha pumzi ndefu ya baridi, na mtoto akalia. Walishukuru, wakacheka, binti akamkumbatia mwanawe akakimbia naye nje.

Nje ya mlango tu kilio kikakatika, kama bomba lililofungwa. Kifua kimya. Wakamrudisha mbio, na alipovuka kizingiti tu, akavuta hewa. Wakajaribu tena. Mara ya tatu binti mwenyewe akasema basi.

"Mtoe huyo jini, nakuomba," bibi akasema, na yeye si mtu wa kuomba.

Mtabibu alikuwa anavaa viatu. "Pumzi zimeshaungana, dada yangu. Nikimtoa yule, nimemtoa na huyu."

Wageni walikuja, wakavisifu vijumba vinne, wakauliza kwa nini cha tatu hakifunguliwi. Mtoto sasa anatembea, mpaka kizingitini. Babu yake hupaka ukuta ule chokaa kila wiki. Na bibi, akitaka kujua kama mjukuu wake yu hai usingizini, hamgusi kifua. Hugusa ukuta.