Kilio Kwenye Matuta

Huko kijiji cha Mpui, asubuhi za masika, ukungu hufunika mashamba. Wafipa hufukia majani kwenye matuta ya duara ili yaoze na kurutubisha udongo. Ndani ya ukungu, matuta hayo hufanana na makaburi.

Flavian na mkewe Jovina walikuwa wakilima. Mara mtoto mchanga akalia. Kilio kikahama, kikatokea tuta jingine. Hapakuwa na mtoto.

"Mama Adriano, umesikia?" Flavian alimuuliza mkewe.

"Nimesikia. Twende nyumbani."

Kilio kilirudi asubuhi nyingi. Watu wakaanza kumtaja Stefania, bibi mjane anayeishi kando ya shamba. "Amewaficha watoto wa watu kwenye matuta," walisema. Vijana wakapanga kubomoa nyumba yake Jumapili, baada ya misa. Flavian aliahidi kwenda na shoka.

Jumamosi akafika Dominika, mtaalamu wa mifugo, kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Jovina alimweleza habari za kilio. Dominika akaomba dagaa, akaenda shambani, akawarusha. Kilio kikakatika. Macho yakawaka ndani ya ukungu. Kisha macho mengine, na mengine.

"Paka," alisema Dominika. "Wa nani hawa?"

Jovina aliinama. "Paka wetu akizaa, huwa naacha watoto hapa. Kuua paka ni mkosi."

"Hawakufa wote. Wamekua. Jike akitaka dume hulia hivi. Anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu. Wafungeni uzazi. Wanachomwa sindano ya usingizi, wanapasuliwa, wanapona. Kilio kitakwisha, na hamtatupa watoto tena."

"Si wataacha kukamata panya?" aliuliza Flavian.

"Baba Adriano, maksai wako amehasiwa. Ameacha kuvuta jembe?"

 Jioni Flavian na Dominika wakatega kasha la kunasia paka.

Jumapili vijana walimkuta Flavian mlangoni kwa Stefania, bila shoka. Mbele yake palikuwa na kitu kilichofunikwa gunia. Mtoto akalia chini ya gunia. Vijana wakarudi nyuma. Flavian akalifunua. Paka wa madoa akawatazama.

"Mtoto wenu huyu hapa," alisema. "Nani anabomoa?"

Hakuna aliyesogea.

Dominika aliwapasua paka majike wote, pamoja na yule wa nyumbani kwa Flavian. Madume nao wakahasiwa.

Masika yaliyofuata, ukungu ulishuka tena. Shamba lilikuwa kimya.

"Shikamoo, bibi," vijana walisema wakipita.

"Marahaba," alijibu Stefania, akiendelea kulima. "Kumbe mnajua kusalimia."

Juu ya tuta alikaa paka wa madoa, panya mdomoni.