Kadi ya Picha ya Mama Hija

Mwaka 1999, pale Tandika, Temeke, vijana walikuwa wakijaa kila jioni kwa Mama Hija. Jina lake hasa ni Mwajabu. Alikuwa mjane. Kwenye chumba cha mbele aliweka kompyuta mbili za mtumba. Vijana walilipa, wakacheza mpira na mbio za magari. Hizo hela ndizo zilizomlisha Hija na wadogo zake, na kuwasomesha.

Basi Badru wa mtaa wa pili naye akafungua chumba cha gemu. Kompyuta yake ilikuwa mpya kabisa, yenye kadi kubwa ya picha. Kwa Badru wachezaji walikimbia kwenye skrini bila shida. Kwa Mama Hija waliganda, wakaruka, wakaganda tena. Mtu anapiga mpira golini, skrini inakwama. Ikija kuamka, ameshafungwa yeye! Vijana wakahama mmoja mmoja.

"Samahani, Mama Hija. Mashine zako zimechoka," walimwambia. Maneno hayo yalimuuma, maana yalikuwa kweli.

Wahenga walisema, akufukuzaye hakwambii toka. Lakini shemeji yake, Khalfani, ndugu wa marehemu mumewe, hakuzunguka. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yao, na yeye ndiye aliyeisimamia. Alikuja mchana, akasimama mlangoni.

"Shemeji, chumba hiki nimekipatia mpangaji. Anauza nguo za mitumba. Mwanamke na gemu, wapi na wapi?"

"Na mie na wanangu tule nini?"

"Si upike maandazi kama wenzako?"

Weee! Mama Hija aliinuka kwenye mkeka.

"Maandazi nayajua kabla hujanijua. Nikitaka nitapika, lakini si kwa kufukuzwa! Nipe mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Ukikuta chumba kitupu, ufunguo nakukabidhi mwenyewe."

Khalfani akacheka. "Haya. Ramadhani haiko mbali."

Bahati nzuri, wiki ile ilikuwa zamu ya Mama Hija kupokea upatu. Akazifunga hela kwenye pindo la kanga, akatoka mbiombio.

"Leo nanunua kadi ya picha kama ya Badru! Ile ile! Akome!"

Jirani yake, Recho, alikuwa akianua nguo uani. Recho alikuwa fundi wa kompyuta.

"Dada, ngoja kwanza. Hiyo kadi itaingia kwenye kompyuta yako?"

"Isiingie kwa nini? Si kompyuta na kompyuta?"

"Umeshaifungua ukaangalia ndani?"

Hakuwahi kuifungua. Recho akaenda kuchukua bisibisi. Akachomoa waya wa umeme, akafungua boksi la kompyuta.

"Hii hapa ndiyo kadi ya picha," alisema. "Kila unachokiona kwenye skrini kinachorwa na hii. Mchezaji akikimbia, inachora upya, tena na tena, haraka sana. Hii yako ni ya kazi za ofisini. Barua inaweza. Mpira inashindwa, ndiyo maana picha zinaganda."

"Basi si ndiyo ninunue kubwa?"

"Tazama. Kadi inachomekwa kwenye nafasi hizi. Wewe una nyeupe tu. Kadi ya Badru inakaa kwenye nafasi ya kahawia, na wewe hiyo huna. Ungerudi nayo ukaiweka kabatini na vikombe vya wageni."

"Mungu wangu! Hela za upatu!"

"Na hata ingeingia, kompyuta yako ni ya zamani, nguvu zake kidogo. Sufuria ya ubwabwa wa harusi utaiteleka kwenye jiko la kukaangia samaki?"

"Moto hautoshi," alijibu Mama Hija.

"Umeona? Badru hakukosea. Ana hela nyingi, kanunua kompyuta mpya na kadi kubwa. Mwenye hela za kati na kompyuta ya kati, kadi mpya ya kawaida inamtosha. Sie wenye kidogo tutafute iliyotumika, inayoingia kwenye kompyuta yetu na kuziweza gemu zetu. Ila usitoe hela kabla hujaiona inafanya kazi."

Kesho yake wakaifunga kompyuta moja kwa kanga, wakaenda nayo Kariakoo. Waliposema wanataka kadi iliyotumika, muuzaji akawatazama juu mpaka chini.

"Mama, hizo zilizotumika ni za watu wa hali ya chini. Chukua hii kubwa, umalize matatizo."

"Kaka, hela zangu, kompyuta yangu," alisema Mama Hija. "Hiyo yako inakaa nafasi ya kahawia. Mie nina nyeupe. Nikaichomeke wapi, puani?"

Watu dukani wakaangua kicheko. Muuzaji akatoa kadi iliyotumika.

"Ichomeke hapa hapa niione," alisema Mama Hija.

Ikachomekwa. Skrini ikajaa michirizi.

"Hii mgonjwa. Lete nyingine!"

Ya pili ikawasha gemu. Wachezaji wakakimbia, mpira ukatembea, hakuna kuganda. Kwa hela ambayo ingenunua kadi moja kubwa, Mama Hija alinunua mbili zilizotumika, moja kwa kila kompyuta. Hiyo nyingine nayo aliijaribu kwanza kabla ya kulipa.

Aliporudi Tandika alitundika kanga mpya mlangoni iwe pazia. Ilikuwa na maneno haya: Mtasema mchana, usiku mtalala. Vijana wakaja kuchungulia. Wakaingia. Wakaitana.

Jioni mwezi ulipoandama, Khalfani alikuja na mpangaji wake. Akafunua pazia, akakosa hata pa kuweka mguu.

"Shemeji, ufunguo," alisema kwa sauti ndogo.

"Ufunguo ninao mie na utabaki kwangu," alijibu Mama Hija. "Kama umekuja kucheza, foleni inaanzia kule nje."

Khalfani akageuka kumwita mpangaji wake waondoke. Mpangaji alikuwa ameshapanga foleni.