Valéry Atafuta pa Kuegesha

Jumamosi ile ya Oktoba 2009, kituo cha maduka cha Skärholmen kilifurika watu utadhani nguo zinagawiwa bure. Noeline, Mganda mwenye koti jekundu na buti za kisigino, alikuwa anapanda ngazi za umeme, mara kitu kirefu kilichofungwa kwenye mfuko kikamgonga kisogoni.

"Banange! Kaka, unavua samaki humu?"

"Nisamehe, dada. Ni mlingoti wa tanga," akajibu Valéry, Mrundi mrefu mwenye meno ya kuchekea. "Huwa nateleza baharini kwa ubao."

"Baridi hii? Mama yako anajua?"

"Hajui. Usimwambie."

Hakumwambia. Badala yake, Noeline ndiye aliyeanza kupigiwa simu na Valéry kila jioni.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe umezama?"

"Bado, chérie."

Mapenzi yakanoga. Tatizo ni kwamba Valéry hakutaka Noeline afike kwake Fittja. Leo kuta zinapakwa rangi, kesho kuna wageni. Noeline akachoka na visingizio, akafunga sufuria ya pilau, akaenda bila kualikwa. Aliyefungua mlango ni Egide, rafiki yake Valéry.

"Valéry? Mbona alihama tangu kiangazi, shemeji?"

Noeline akaona sufuria imekuwa nzito kama jiwe. Akapiga simu palepale kwenye ngazi.

"Huyo mwanamke unayeishi naye anaitwa nani?"



"Ni gari, Noeline. Husbil, lina kitanda na jiko ndani. Ndiyo nyumba yangu. Niliona haya kukwambia. Na sasa kambi za pwani za kuegesha magari kama haya zinafungwa kwa ajili ya baridi, kila ninapoegesha nafukuzwa. Imebaki moja tu, karibu na ninapotelezea. Mwenye kambi ananingoja leo. Akinikataa, nauza gari, nahamia kwa kaka yangu Malmö."

"Malmö huendi. Nipitie. Nataka nimwone huyo mke mwenza."

Walifika pwani upepo unakata masikio, bahari ya kijivu mpaka mwisho wa macho. Mwenye kambi, mama wa Kiswidi mwenye sweta zito, akawatazama mmoja mmoja.

"Mtakuwa wawili?"

Katika mtaa aliokulia Noeline kule Masaka, wapenzi wasio na ndoa walikuwa hawapangishwi hata banda la kuku. Akaona nafasi inaponyoka. Akamnyakua Valéry mkono.

"Huyu ni mume wangu! Wa kanisani kabisa! Mchungaji mwenyewe alilia!"

Mama akapepesa macho. "Ndoa ni shauri lenu. Nauliza funguo za bafu, moja au mbili?"

Akawapa mbili, na nafasi nyuma ya sauna, penye umeme mpaka kiangazi. Valéry akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la mahindi.

Walipofunga mlango wa gari, akaangua kicheko. "Mchungaji gani huyo aliyelia?"

"Cheka tu. Si nimekuokoa?"

"Umeniokoa, lakini umemdanganya mtu mzima. Dawa ni moja, Noeline. Nikuoe."

"Unanichumbia ndani ya friji?"

Valéry akawasha hita. Ikakohoa, ikanguruma, joto likaanza kutambaa miguuni. Noeline akavua glavu taratibu. Wasiwasi wote ule, kumbe mke mwenza ni wa bati! Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Haya, jibu basi, chérie."

"Ndiyo. Ila kwa baba yangu uende na wazee. Usiende na ubao."